Unga Nilioubeba Hadi Nyumbani

Kamati ya vijana ya kanisani imeniomba niwaandikie ninyi mnaotafuta kazi za jikoni, niwaeleze jinsi kazi ilivyonijenga. Mwenyekiti alitumia neno hilo hilo, "ilivyokujenga", kama vile mimi ni banda la kuku. Sawa, naandika. Ila mjue tangu mwanzo: kazi niliyoifanya miaka minane, tena nikaipenda, ndiyo iliyokuwa inamkaba mwanangu pumzi, na watu waliojua ni kitu gani kinachokaba walikaa kimya. Nilistaafu nikiwa na miaka thelathini. Sikustaafu kwa uzee.

Haya, kaeni vizuri.

Mgahawa wenyewe ulikuwa mtaa wa Agincourt, huku huku Kanada, ndani ya plaza ya maduka, katikati ya fundi wa funguo na daktari wa meno. Viti ishirini na vinne. Samaki mbichi hakuna. Ukiingia kuuliza sushi ulionyeshwa mlango kwa adabu. Kilichouzwa pale ni soba. Soba ni tambi, lakini ondoeni kichwani zile tambi za kukaanga na sukari na hiliki. Hizi ni za unga wa kijivu unaotokana na mbegu nyeusi yenye pembe tatu, mmea ambao kwetu Kilosa sijawahi kuuona. Unga unakandwa kwa mkono, donge linasukumwa, linakunjwa kama shuka, linakatwa kwa kisu kikubwa kuliko uso wangu. Tambi zinachemka dakika moja na nusu, zinaoshwa kwa maji ya barafu, zinawekwa juu ya ungo mdogo wa mianzi, na mteja anazichovya kwenye kikombe cha mchuzi mweusi. Basi. Hakuna nyama, hakuna nazi. Siku ya kwanza kuonja nilijiuliza hawa watu wanalipia nini. Baada ya mwaka nilikuwa naweza kufumba macho nikakwambia gunia lipi limefunguliwa jana na lipi juzi.

Mwenye mgahawa aliitwa Raymond, mtu wa hapa hapa, aliyeununua mgahawa pamoja na fundi wake, kama unavyonunua nyumba na jiko lake. Fundi ni Mzee Tanabe, Mjapani wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye mikono kama ya seremala. Kwenye masinki alikuwepo Papa Dédé, Mkongo, mwosha vyombo, aliyekuwa anaongea Kiswahili chake kile cha Bukavu na kuimba bila kuulizwa. Na mimi. Niliingia kama mwosha mboga, na cheti changu cha kidato cha nne na koti la baridi la kuazima, enzi zile simu za kukunja bado zina heshima.

Kosa langu la kwanza mnaweza kulicheka, nami nimeshalicheka vya kutosha. Siku moja Mzee alichelewa kwa sababu ya theluji, akapiga simu akaniambia nianze kukanda unga mwenyewe. Mwezi mzima nilikuwa namwangalia. Nikajiambia, binti wa Kilosa, kukanda unga ni kitu cha kukutisha wewe? Nikachemsha maji. Nikatia chumvi na kijiko cha mafuta. Nikakanda kwa mabega yote mawili mpaka jasho likanitoka, nikalifunika donge kwa kitambaa, nikaliacha lipumzike, maana chapati isiyopumzika hailainiki. Mzee alipofika akafunua kitambaa, akalitazama kama mtu anayetazama maiti.

"Nini hii?"

"Inapumzika," nikasema.

"Soba haipumziki. Ikipumzika, inakufa."

Akajaribu kulisukuma. Likapasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi. Nikajua nimefukuzwa. Yeye akachukua kikaango, akatia mafuta, akalikaanga lile donge langu, akalimega katikati, akanipa nusu. Tukala tumesimama.

"Eee mama," Papa Dédé akapiga kelele kutoka masinki, "ulipika mukate ya maaskari! Hiyo, mtu anakula leo, anashiba mpaka Pasaka!"

Ndivyo nilivyoanza kufundishwa. Siri, wanangu, iko kwenye ncha za vidole. Unamimina maji kidogo, unazungusha vidole kumi ndani ya unga kama unayetafuta sindano kwenye mchanga, mpaka unga uwe punje, punje ziwe vijiwe, vijiwe viitane vyenyewe. Ugali unaupiga, soba unaibembeleza. Unga wake hauna ule mnato wa ngano, ndiyo maana unachanganya sehemu mbili za ngano kwa nane za soba, ili ushikane tu usitawanyike. Wakati wa baridi, ile mashine ya joto inakausha hewa mpaka midomo inapasuka, kwa hiyo unaongeza maji kijiko kimoja. Kiangazi unapunguza. Mzee hakupima. Alikuwa anabana ndewe ya sikio lake, halafu anabana donge. Vikilingana ulaini, tayari. Akaniambia nami nibane ya kwangu. Nikabana hereni. "Vua," akasema, "wewe unakanda dhahabu."

Alitaka kujua tunavyosalimiana kwetu. Nikamfundisha shikamoo, nikamweleza ni ya mdogo kwa mkubwa. Nadhani aliisikia nusu. Kuanzia hapo kila asubuhi mzee wa miaka sabini na kitu anavua kofia, anainama mbele yangu: "Shikamoo." Nilikuwa naona haya mpaka natamani sakafu initafune. Papa Dédé alikuwa ananijibia: "Marahaba, mutoto wangu, umekula?"

Nawaambia haya ili mjue sikuwa mtumwa pale. Mnaposikia hasira yangu msifikiri nilikuwa nasukumwa na mijeledi. Nilikuwa nimepata ufundi. Mimi niliyefagia ofisi za watu, niliyekuwa sina jina ila "yule dada", nilikuwa na kisu changu mwenyewe kimefungwa kwenye kitambaa cha bluu. Nilikata tambi nyembamba, zote sawa, huku nikitazama pengine. Kitu kikiwa kibaya tangu mwanzo unakikimbia. Kikikupa heshima kwanza, utakivumilia hadi kikutoe roho. Au kimtoe mwanao.

Mama mdogo Lidia, aliyenipokea kwake mtaa wa Malvern nilipofika nchi hii, nilimleta kula siku moja. Nilitaka aone. Alikaa meza ya karibu na dirisha la jikoni, na gauni lake la kitenge la harusini. Kitu cha kwanza, akaona watu wazima wanavuta tambi kwa mdomo, fyuuup, kwa sauti, na ndiyo adabu yenyewe.

"Watu hawa hawana mama?" akaniuliza kupitia dirishani. "Mimi ningekuzaba kofi."

"Mama mdogo, ndivyo inavyoliwa. Hewa inaingia, unasikia harufu."

"Nasikia makamasi."

Akala, akamaliza. Mwisho wa kula pale mteja huletewa birika la maji ya moto yenye ukungu mweupe. Mama mdogo uso ukang'aa. "Afadhali," akasema kwa sauti, "angalau kunawa wanajua." Akajimiminia mikononi juu ya sahani, akasugua vizuri hadi viwiko, akamwita msichana wa mezani amletee sabuni.

Yale ni maji yaliyochemshia tambi. Unayamimina kwenye mchuzi uliobaki, unakunywa. Mzee alitoka na taulo safi, akampa kwa mikono miwili, akainama. Akarudi jikoni, akashika meza, akacheka bila sauti mpaka machozi. Halafu akanieleza kitu ambacho sikukitilia maanani siku ile: soba ikichemka, nusu ya nguvu yake hubaki majini. Ndiyo maana hayamwagwi. Soba iko mle majini, hata kama huioni.

Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Na kwa miaka nikaendelea kuwa mjinga.

Mnafahamu ninyi kizazi cha simu, mnaopiga picha chakula kabla ya kula? Mlikuja kutuulia tambi. Soba ina dakika tatu, baada ya hapo inavimba na kushikana. Mimi jikoni nimekata, Mzee amechemsha, ungo umetoka unang'aa, na mtu anausogeza kushoto, kulia, anawasha taa, anamwita mwenzake. Halafu anaandika kwamba tambi zilishikana. Haya, nimesema, tuendelee.

Elisha alizaliwa mwaka wangu wa tatu pale. Baba yake alikuwa, na bado yuko, kwenye maghala ya mizigo ya ndege kule Malton, mabasi matatu kwenda na matatu kurudi, kwa hiyo mtoto alikaa na Mama mdogo mchana nami nikarudi kazini. Mzee alifurahi utadhani ni mjukuu wake. Mtoto alipotimiza mwaka alituletea zawadi, ameishona mwenyewe: mto mdogo wa kulalia, kitambaa cha bluu iliyopauka, ndani amejaza maganda ya ile mbegu ya soba. Ukiubonyeza unalia kama changarawe. Alisema kwao watoto wote hulalia mto huo, kichwa kinabaki baridi, mtoto anakua na akili.

Mama mdogo aliupenda kuliko mimi. Wageni walikuwa wanaonyeshwa. "Mto wa Kijapani huo, hauuzwi."

Na mtoto akaanza kukohoa.

Mwanzo kikohozi. Halafu akilala mchana anaamka kifua kinapiga filimbi. Halafu mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, unaziona zote, moja moja, na midomo inageuka rangi ya zambarau. Mara ya kwanza kukimbilia idara ya dharura nilivaa kiatu kimoja cha theluji na kimoja cha nyumbani. Walimpa dawa ya kuvuta kwa kibarakoa, akatulia, wakaturudisha nyumbani. Nyumbani nikamlaza, juu ya nini? Juu ya mto. Nami nikamkumbatia, na nywele zangu zimejaa nini?

Mwaka mzima. Sikilizeni maswali niliyoulizwa mwaka huo mzima, kwa sababu nimeyahifadhi yote. Daktari mmoja aliuliza kama tunafuga paka. Mwingine kama kuna ukungu ukutani. Mwingine, kijana mwenye miwani, aliniuliza kwa upole kabisa kama tunapikia mkaa ndani. Ghorofa ya tisa, Malvern! Nikamwambia ndiyo, na punda tumemfunga bafuni. Hakucheka, aliandika. Kanisani waliniambia ni mafua ya Kanada, nimpake mafuta ya karafuu. Mwingine akasema ni kwa sababu namwacha na kurudi kazini mapema, mtoto anasononeka. Huyo bado simsalimii.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: wewe mama, unafanya kazi gani?

Aliyeniuliza ni nesi Mkenya, dada mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyetusikia tunabembelezana kwa Kiswahili kwenye kliniki. Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja. Alikuwa anapima pumzi za mtoto, mara akaacha, akanitazama kichwani.

"Mamake, hiyo nyeupe kwa nywele yako ni nini?"

"Unga."

"Unga gani? Kwani unafanya kazi wapi?"

Nikamwambia. Akaweka kile kipimo chini.

"Soba ile ya Wajapani? Na mtoto unambeba na nguo hizo?"

"Nambeba na nini? Na makoleo?"

"Usinijibu hivyo, mama. Kuna mtu ameshampima aleji ya hicho kitu?"

Hakuna. Walimpima baada ya wiki mbili: wakamdondoshea tone mkononi, wakachoma kidogo kwa sindano. Paka, hakuna kitu. Vumbi, kadoa kadogo. Soba, mkono ulivimba mbele ya macho yangu kama umeumwa na nyuki. Daktari akasema kwa huyu mtoto soba si ya kufanyia mchezo, hata vumbi lake, na akiila anaweza kufa. Akatupatia sindano ya dharura ya kutembea nayo. Nikamweleza habari ya mto. Akauliza taratibu, "Anaulalia?"

Niliutupa kwenye lile bomba la takataka la ghorofani, nikausikia unashuka ghorofa zote tisa.

Kesho yake nilimkabili Mzee. Sikungoja shikamoo yake. Nikamwambia mto wako ulitaka kuniulia mtoto. Nilidhani atasema hakujua kwamba soba inaweza kuua mtu. Wala. Alijua! Kwao inajulikana, alisema. Shuleni watoto wanaulizwa, hotelini watu wanaulizwa. Basi kwa nini? Aliinama, hakuinua kichwa.

"Nilidhani ni ugonjwa wa Wajapani tu," akasema. "Mtoto wa Afrika, sikufikiri."

Hebu beba jibu hilo uende nalo kwenye basi. Si ubaya. Ni mtu anayenipenda, amekaa na sindano mikononi anashona sumu, kwa sababu akilini mwake mwanangu ni mtu wa aina nyingine. Daktari wa mkaa na Mzee wa mto, nikiwapima, uzito ni mmoja.

Sasa njooni kwenye sufuria, maana hapo ndipo hasira yangu inapokaa.

Kwenye orodha ya vyakula, chini kabisa, kwa maandishi ya ukubwa wa chawa, iliandikwa kwamba mwenye aleji ya soba amwambie mhudumu. Na mhudumu amefundishwa kujibu: hakuna shida, chukua udoni. Udoni ni tambi nene za ngano tupu. Ukisikia unaona ni sawa. Lakini jikoni sufuria ilikuwa moja. Kubwa, inachemka tangu asubuhi, maji yake mazito kama uji kwa unga wa soba. Udoni zilitumbukizwa humo humo. Na nani alikuwa anazitumbukiza? Mimi. Miaka mitano, kwa mkono huu. Sijui niliwalisha watoto wangapi. Labda hakuna aliyeumia. Labda waliumia wakiwa garini wanarudi nyumbani, wakamlaumu paka.

Nilimfuata Raymond. Nilikwenda na maombi mawili. Moja, nitolewe kwenye unga, nihudumie mezani. Pili, jiko la pili na sufuria ya pili ya udoni.

"Mezani Kiingereza chako kizito," akasema. "Na wewe ni mkono wa pili wa Mzee. Nani atakata?"

"Na sufuria?"

"Nafasi hiyo hakuna. Miaka yote hii, kuna aliyekufa?"

"Bado," akasema Papa Dédé. Alikuwa ameacha kuimba. "Patron, maji ni yale yale. Mimi minayamwaga kila siku, minayajua."

Raymond akamwambia aoshe vyombo.

Mtauliza, mbona hukuacha siku hiyo hiyo? Niulizeni. Mume wangu aliniuliza, Mama mdogo aliniuliza, mimi najiuliza nikiwa nasugua masufuria. Kodi ya nyumba, ndiyo. Lakini nisiwadanganye ninyi watoto: ilikuwa pia kile kisu. Nilikuwa najua kitu. Nilibaki miaka mingine miwili, nikatafuta ujanja wa kuishi na moto bila kuungua. Nilibadilisha nguo zote kwenye choo cha mgahawa, nikafunga za kazi kwenye mfuko wa plastiki. Nilifunika nywele kwa kofia ya kuogea. Nikifika nyumbani, hakuna kumgusa mtu, moja kwa moja bafuni, nywele, masikio, kucha. Na Elisha tulimfundisha: mama akifungua mlango, wewe simama ukutani, mikono mgongoni. Asiponiogopa, atakosa pumzi. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Alijifunza upesi mno.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili mchana, mgahawa umejaa, watu wanasubiri mlangoni na makoti. Karatasi ya oda ikaingia, na msichana wa mezani ameandika kwa wino mwekundu: udoni moja, mtoto, aleji ya soba. Nikachungulia dirishani. Mama mmoja na binti wa miaka kama sita, mwenye miwani na kibanio cha nywele cha kipepeo. Mama anamfunga kitambaa kifuani.

Nikamwambia Mzee, "Chemsha maji mapya kwenye sufuria ya mchuzi."

Mzee akaangalia sufuria ya mchuzi, imejaa mchuzi. Akasita. Raymond akaingia, akaona oda kumi na moja zimebandikwa.

"Hiyo udoni inangoja nini?"

"Mtoto ana aleji," nikasema. "Dakika kumi."

"Dakika kumi sina." Akachukua fungu la udoni mwenyewe, akalitumbukiza kwenye ile sufuria, akasimama hapo hapo. Zilipoiva akazisuuza bombani, akatia bakulini, akaondoka nalo. Mimi nilikuwa na kisu mkononi na tambi nusu zimekatwa. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri, zitaharibika hizi. Naapa. Kwanza niliziwaza tambi.

Halafu nikakimbia. Nikapita mlango wa jikoni, nikafika meza ya kwanza, nikajizuia. Nilijitazama. Unga kifuani, unga mikononi hadi viwiko, unga kwenye kope. Nikimfikia yule mtoto nimnyang'anye bakuli, mimi mwenyewe ndiye sumu. Nilisimama katikati ya watu wanaokula, mikono juu kama niliyekamatwa na polisi, na yule binti ameshainua tambi na vijiti, anaipuliza ipoe.

Nikapiga kelele. Kiingereza changu kizito kilifika kila meza. "Asile! Sufuria ni moja! Imechemshwa kwenye maji ya soba!"

Yule mama alinitazama kwanza kama kichaa. Mwenye aproni, mweusi, mweupe kwa unga, anapiga mayowe. Nikarudia: "Nina mtoto kama wako. Asile." Akavipiga vijiti vya mtoto vikaruka. Akamgeukia Raymond.

"Ni kweli?"

"Ni kiasi kidogo sana, mama, na tumezisuuza..."

Hakumaliza. Yule mama alikuwa ameshambeba mtoto, mkubwa vile, miguu inaning'inia, ametoka nje bila makoti. Hakunishukuru. Wala sikuhitaji, mimi pia nisingeshukuru. Hakuna mtu aliyevuta tambi tena.

Nyuma yangu nikasikia gesi inazimwa. Mzee Tanabe alikuwa ameizima. Akaiinua ile sufuria yeye na Papa Dédé, wakamwaga maji yote kwenye sinki, katikati ya mchana, watu wamejaa mezani, akaanza kuisugua. Raymond akamwambia awashe. Akaendelea kusugua. Lakini msinitengenezee shujaa hapa. Kesho yake alirudi kazini, na sufuria ilikuwa ile ile moja. Papa Dédé ndiye aliyeniambia kwa simu. Mimi nilifukuzwa kabla sufuria haijakauka. Kisu nilikichukua. Kiko kabatini juu, kimefungwa kwenye mifuko mitatu, na sijakikatia hata kitunguu.

Kwa hiyo, ninyi mnaokwenda kuomba kazi za jikoni, au za rangi za kucha, au za kusafisha kwa dawa zile za kutoa machozi: msiulize tu wanalipa vipi. Ulizeni nini kitarudi nyumbani na nyinyi. Kwenye nywele, kwenye nguo, chini ya kucha. Mtoto akiugua, msimngoje daktari awaulize mnafanya kazi gani. Mwambieni kabla hajauliza paka. Na mkipewa heshima mahali, shukuruni, lakini mkague sufuria.

Siku ile niliyofukuzwa nilioga kama kawaida, nikatupa zile nguo. Kesho yake nilitoka kununua mkate dukani, nikarudi. Nilikuwa sijagusa unga wowote. Nimevaa gauni la kanisani, makusudi, nikijua leo nitamkumbatia mlangoni kama mama wengine. Nikafungua. Elisha alikuwa kwenye zulia na magari yake. Akainuka, akarudi nyuma mpaka ukutani, akaweka mikono mgongoni. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimeshaoga.

"Leo sina unga, baba. Mama haendi tena. Njoo."

Akanikagua nywele. Akakagua mikono. Hakuja.

Sasa ana miaka saba, anacheza mpira, kifua kimetulia. Nikifungua mlango anakuja mbio, ila kabla ya kuja anasita nusu hatua. Yeye mwenyewe hajui kama anasita. Mwenyekiti aliuliza kazi imenipa nini. Wengine wanapostaafu hupewa kiinua mgongo na cheti cha kutundika ukutani. Mimi nilipewa hiyo nusu hatua, na kila siku naipokea.